Elder Scrolls ya sita ianze makaburini, mfungwa apumzike

Mhariri salaam,

Nimesoma wasomaji wenzangu wanavyotaka gemu ya The Elder Scrolls ya sita ianze na joka tena. Jamani, majoka tulishayachinja kwenye Skyrim, ile ya tano, mpaka yakawa kama kuku wa sikukuu.

Mimi shida yangu ni mfungwa, maana hizi gemu kila mara unaanza ukiwa mfungwa. Morrowind ya 2002 unashushwa melini mfungwa, Oblivion ya 2006 uko selo na mfalme mwenyewe anapitia humo humo akikimbia wauaji, Skyrim ya 2011 uko kwenye mkokoteni mikono imefungwa unapelekwa kukatwa kichwa. Najua ndo mila ya watengenezaji, mfungwa hana historia kwa hiyo kila mtu anajaza ya kwake, sawa. Ila mtu asiye na historia hana hata wa kumchukia, yaani kijiji kizima hakimjui, halafu kesho yake anaambiwa wewe ndo shujaa wetu.

Sasa trela ya 2018 ilionyesha milima na pwani, hata dakika haikufika, na wengi tunakisia ni Hammerfell, nchi ya jangwa ya watu wanaoitwa Redguard. Kama ni huko basi stori ipo tayari wala haihitaji kutafutwa mbali. Vita vya Empire, ile dola kubwa, na Elf vilipoisha, mfalme wa Empire alisaini mkataba wa kuwaachia Elf sehemu kubwa ya kusini mwa Hammerfell, Redguard wakagoma, mfalme akawatosa, wakapigana peke yao miaka mitano mingine mpaka wakawatoa Elf. Piga hesabu ya maiti zilizolala kwenye ule mchanga.

Na Redguard kwao kumpiga maiti upanga ni mwiko mkubwa, hata kama maiti kaamka anakufukuza. Kuna kabila moja tu, Ash'abah, ndo linafanya hiyo kazi, na kwa sababu hiyo wanaonekana najisi, mjini hawakaribishwi. Waliocheza The Elder Scrolls Online, ile ya mtandaoni, watasema hao tulishawaona na wachawi wao wa kufufua watu. Kweli, lakini ile ni karibu miaka elfu moja kabla ya Skyrim, na pale unapita tu kama mgeni unawasaidia halafu unaondoka zako.

Mimi nataka nizaliwe humo humo kwenye kabila la Ash'abah. Mchana geti la mji halifunguliwi kwako, dukani unauziwa bei mara mbili kupitia dirishani, gesti hupati unalala nje na ngamia, ila usiku wale wale wanakuja kukugongea hema. Hapo hata kununua dawa ya jeraha inakuwa stori.

Kuhusu nani alishinda Skyrim kati ya Empire na Stormcloak, wale waasi wa Ulfric, watengenezaji wasituchagulie bwana, maana mimi nilimaliza kwa Ulfric na mdogo wangu kwa Empire na hatujasameheana mpaka leo. Wawaachie walevi, wa baa ya kwanza anaapa alishinda Ulfric, wa baa ya pili anasema Ulfric alikatwa kichwa alimwona kwa macho yake. Daggerfall, gemu yao ya zamani, ilikuwa na miisho kibao, wakaja kusema yote ilitokea kwa mpigo, kwa hiyo hawa watu kona kona wanaziweza.

Mwanzo wenyewe naona hivi. Saa nane usiku, hemani kwako kaja chifu ambaye asubuhi ulipopita alitema mate chini. Haingii, anaongea akiwa nje, anasema kuna kitu kisimani. Mnaenda, unamulika na mwenge, ni askari wa vile vita vya zamani na mavazi yake bado, anakwaruza mawe anataka kupanda juu. Chifu anageuka anaangalia pembeni. Anasema ni baba yangu, fanya haraka, na kesho tukikutana sokoni usinisalimie.

Unachomoa upanga, skrini inakuwa nyeusi, jina la gemu linatokea.

Msomaji wenu,
Morogoro