Mwanangu, yale maharage usiyafungue

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la baba yako, na hilo halimzuii kuinama bustanini kutwa nzima halafu usiku akanilalamikia mimi. Jana nilishika simu mara mbili nikaiacha. Kwa simu tutagombana, na wewe una tabia ya kuniitikia "sawa mama" huku umeshaiweka mezani na unaendelea na mambo yako. Barua utaisoma, hata kama kwa kununa.

Mdogo wako amenionyesha picha ya rafu yako. Nilifurahi, usije ukadhani sikufurahi. Nimeitazama mpaka akaniomba nimrudishie simu yake. Zile pichi umezilaza kifudifudi, nusu juu ya nusu, mpaka juu ya chupa, hakuna hata moja iliyogeuka. Mimi miaka yote natumbukiza tu na kusukuma kwa mwiko. Na jamu imeganda vizuri, inaonekana hata kwenye picha. Nikamwita baba yako aje aone.

Halafu nikaona rafu ya chini. Chupa kumi na nne za maharage mabichi, yale ya kula na maganda yake. Nikamuuliza mdogo wako umezipikaje, akasema kwenye lile sufuria kubwa la maji, masaa matatu, tena akakusifia kwamba hukubanduka jikoni. Na kwamba Jumamosi mnakwenda ziwani na watoto, na chupa tatu mnazibeba mkale huko.

Usizibebe. Usifungue hata moja. Masaa matatu au masaa tisa, kwangu ni yale yale.

Najua utasema mama ameanza na asiyesikia la mkuu. Sasa nisikilize kidogo. Pichi, jamu na matango ya siki sina neno nayo, yana uchachu wa kutosha, sumu ninayoiogopa haiwezi kutengenezeka humo. Maharage hayana uchachu. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ule ugonjwa wa sumu ya chakula unaopoozesha mwili, zinakaa kwenye udongo, zipo bustanini kwako na zipo kwangu, na tumezila na karoti ambazo hazijaoshwa sawasawa maisha yetu yote bila kudhurika. Maji yanayochemka haziyajali. Zinataka nyuzi 116 mpaka 121, na sufuria la maji halifiki huko hata uchochee kuni za mwaka mzima. Ni mvuke uliobanwa tu ndio unaofika. Na wewe uko mlimani, umesahau? Ukifika mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hata 100 yenyewe huipati.

Kwa hiyo umeua kila kidudu ambacho kingekuonya kwa kuoza na kunuka, ukamwacha yule mmoja, ukamfungia mahali pasipo hewa, penye unyevu na joto la kabatini. Hapo ndipo anapoamka. Usiniambie vifuniko vimebana. Kubana ndiko kunakonitisha.

Wala usiniambie utanusa kwanza. Wakati mwingine kifuniko hutuna au maji hutoka povu, na wakati mwingine hakuna kitu, harufu nzuri, rangi nzuri. Kuonja ndiyo kabisa usithubutu, hata kwa ncha ya ulimi.

Baba yako anasema nakutisha. Akaniletea yule Mfaransa wake, Nicolas Appert, aliyepewa faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuchemsha chakula ndani ya chupa, bila presha, lile sufuria la kubana mvuke, wala kipimajoto, na watu wakala. Nikamwambia Appert mwenyewe hakujua kwa nini kinafanya kazi, mpaka mwanasayansi Pasteur alipokuja kueleza miaka hamsini baadaye. Na kama tunataka hadithi za zamani, Ubelgiji mwaka 1895 kikundi cha wapiga muziki walikula paja la nguruwe la chumvi baada ya mazishi, watatu hawakupona, na ni kwenye paja hilo bakteria huyu alipogunduliwa. Akanyamaza akarudi kwenye nyanya zake. Huyu mwanaume akinyamaza ujue nimeshinda, ila hatasema.

Sasa kuna jambo la daftari.

Mdogo wako anasema masaa matatu uliyatoa kwenye daftari langu, ule ukurasa wenye doa la nyanya. Nimelikumbuka doa lenyewe. Mwandiko ni wangu, na nilikupa mimi siku unahama, nikakwambia kila kitu kimo humo. Ukurasa ule nilinakili kwa mtu kabla hujazaliwa, na ulipaswa kuwa umekatwa kwa kalamu siku nyingi. Lakini na wewe, mtu mwenye masomo yako yote, unafuata karatasi yenye doa bila hata kuniuliza? Ungeuliza ningekwambia.

Unakumbuka ile wiki ya vidole? Nilipokuwa nawaamsha usiku na tochi, "hivi ni vingapi?" Umekuwa ukiwasimulia watu kama kichekesho, mama na vidole vyake, nami nacheka pamoja nanyi. Basi asubuhi ya siku ile nilikuwa nimekuta kabatini chupa mbili za maharage vifuniko vimetuna. Zilitoka sufuria moja na ile tuliyoila jana yake usiku, na wewe uliongeza mara mbili. Niliyempigia simu hospitalini akanitajia dalili: kope kulegea, kuona kitu kimoja kama viwili, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza. Mara nyingi huanza kati ya masaa 12 na 36, lakini zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Ndiyo maana nilikuwa nawahesabisha vidole. Ndiyo maana nilikuwa nakusomesha ile hadithi kwa sauti saa nane ya usiku, si kwamba nilikuwa na hamu ya hadithi, nilikuwa nasikiliza ulimi.

Na safari ya ziwani ya wiki ile, ambayo mpaka leo hujanisamehe, gari halikuwa bovu. Sikutaka kuwa mbali na hospitali. Hilo la gari hata baba yako hakuwa analijua, na kwa kuwa ataisoma barua hii kabla sijaituma, sasa anajua.

Hamkupata kitu. Mwezi uliofuata nikanunua presha, nikasema ni kwa ajili ya kuokoa muda. Daftari nikaliacha lilivyo.

Basi. Hizo chupa kumi na nne, zikiwa bado zimefungwa, zitie kwenye mfuko mzito, ufunge, utie kwenye mfuko wa pili, ziende kwenye pipa la taka. Usizifungue ili uokoe chupa. Nakujua, utaona uchungu wa chupa. Acha chupa. Wala maharage usiyamwage kwenye mbolea, wala usimpe mnyama yeyote. Kama ipo inayovuja au iliyofunguka, vaa glavu, ilaze ndani ya sufuria maji yaifunike kabisa, chemsha dakika 30, ndipo uitupe pamoja na nyingine. Kisha osha meza na mikono.

Na kama mmeshakula hata moja, niambie ukweli leo hii, sitagomba. Ukiona kope ya mtoto imelegea, au akisema anaona vitu viwiliviwili, msingoje asubuhi, nendeni hospitali na mseme wazi kwamba amekula maharage ya chupa ya nyumbani. Homa huwa haipo, kwa hiyo usijitulize kwa kumgusa paji la uso. Ipo dawa ya kuzuia sumu isiendelee, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kushikwa hairudishi kwa siku moja, ndiyo maana kuwahi ni bora.

Nakutumia presha yangu. Mdogo wako ataileta Ijumaa. (Presha ya jikoni, ile nyingine nabaki nayo.) Raba ya kifuniko nimenunua mpya, ya zamani ilishaanza kupasuka. Maji ya chini yawe kama vidole vitatu kwenda juu, siyo mpaka kwenye mifuniko kama ulivyozoea na sufuria. Maharage uache nafasi ya sentimita mbili na nusu juu. Ukishafunga, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika kumi nzima kabla ya kuweka kile kizito juu ya tundu la mvuke, hapo ndipo watu wanapoharakisha, hewa ikibaki ndani joto halifiki. Kwa mlimani kwako weka cha paundi 15, siyo cha kumi. Nimefunga vyote viwili kwenye kitambaa, cha kumi usikiguse. Kikianza kucheza ndipo uanze kuhesabu: chupa za nusu lita dakika 20, za lita moja 25. Kisha zima moto na uondoke jikoni. Usiimwagie maji baridi, usikipige kizito kwa kijiko kama nilivyokuona ukifanya na ile ndogo ya kupikia. Ishuke yenyewe.

Utasikia mlio wa vifuniko vikikamata, kimoja kimoja, tik, wakati mwingine usiku ukiwa umeshalala. Ule mlio naupenda mpaka leo. Lakini sasa unajua kwamba haukwambii kila kitu.

Nyanya pia nina wasiwasi nazo kidogo, ila si kama maharage. Nyanya ziko mpakani, nyingine zina uchachu wa kutosha, nyingine hazina, na huwezi kujua kwa kuonja. Kila chupa ya lita weka vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, na yawe ya kununua kwenye chupa, siyo ya kukamua. Najua limau la mtini ni tamu zaidi na unajivunia mti wako, lakini leo ni kali, kesho ni maji matupu, na lile la dukani limepimwa. Kama hukuweka, hizo nazo usizibebe ziwani. Mkibaki bila kitu cha kubeba, bebeni pichi. Na mkate. Watoto ziwani hawali maharage hata hivyo, wewe mwenyewe ulikuwa unayaficha chini ya mkeka.

Na mjukuu wangu asikae majini mpaka midomo ibadilike rangi. Baba yake anaogelea vizuri lakini akishika simu hamwoni mtu.

Huku nyanya zimetuzidi. Baba yako alipanda miche ishirini na nne, nikamwambia kumi inatosha wazee wawili, akasema majirani watakula. Majirani wametoroka, wakiona ndoo wanafunga mlango. Wiki hii nimefunga chupa thelathini na moja na bado beseni mbili ziko chini ya ngazi. Jana moja ilipasuka chini ndani ya sufuria, nilitia nyanya za moto kwenye chupa iliyokuwa dirishani usiku kucha. Miaka yote hii na bado nafanya hivyo. Maji yakawa mekundu sufuria zima, baba yako akaja na kijiko akauliza kama ni supu.

Matango tumemaliza. Mbaazi zilikauka kwa lile joto la mwezi uliopita, hata sikuzichuma. Chumba chako bado kina yale maboksi yako, na nimeanza kupanga chupa juu yake, usinilaumu, kama unayataka njoo uyachukue. Tukitoka hatutoki mbali siku hizi, goti. Jumapili tulikwenda mpaka mtoni tukakaa garini na madirisha wazi, tukala mahindi, tukarudi.

Nikipata jibu lako kabla ya Ijumaa nitalala. Usiandike "sawa mama". Andika umezitupa ngapi. Zikiwa kumi na tatu nitajua, kwa sababu picha ninayo, nimemwambia mdogo wako anitumie kwenye simu yangu.

Daftari nalo mpe mdogo wako arudi nalo. Lina kurasa nyingine mbili tatu nataka kuziangalia, ile ya uyoga na ile ya vitunguu saumu vya kuloweka kwenye mafuta. Usivijaribu hivyo kwa sasa. Na mifuniko usitumie ile uliyoifungua mwaka jana hata kama inaonekana mipya, nimekuwekea pakiti mbili ndani ya presha, chini ya kitambaa. Pete za kufungia zinarudiwa, hizo sina neno, mradi hazina kutu.

Baba yako ameshasoma. Amefika kwenye gari akanitazama juu ya miwani, hajasema kitu. Nadhani anangoja chakula.

Mama yako