Harambee ya Puto la Klabu ya Sayansi

Wazazi wetu, walezi, majirani na wanafunzi wa zamani,

Wito huu umeanzia kwenye swali. Muhula wa kwanza tulikuwa tukisoma kwamba kadiri unavyopanda angani ndivyo baridi inavyozidi, hadi kilomita 11 hivi, ambapo huacha kuzidi. Msichana wa kidato cha pili akainua mkono: "Mwalimu, hizo kilomita 11 zilipimwa hapa Nairobi?"

Hazikupimwa hapa. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort ndiye aliyetangaza habari hiyo mwaka 1902, baada ya kurusha maputo zaidi ya 200 yenye vipimajoto karibu na Paris. Kwetu, karibu na ikweta, mpaka huo uko juu zaidi, kilomita 16 au 17, na baridi yake hupita nyuzi 70 chini ya sifuri. Baridi kali kiasi hicho iko juu ya paa za Nairobi kila siku, hata watu wakitokwa jasho sokoni Gikomba. Tangu siku ile wanafunzi wanataka kurusha puto lao na kuipima wenyewe.

Kazi hii si ngeni mjini kwetu. Idara ya Hali ya Hewa hurusha maputo ya aina hii pale Dagoretti Corner, na tangu miaka ya 1990 Nairobi imekuwa ikipima ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, kwa njia hiyo hiyo. Vipimo vyetu tutavilinganisha na vyao. Wengine wameuliza kama ni yale maputo ya intaneti ya Loon ya mwaka 2020. Yale yalitengenezwa yaelee angani kwa miezi. Letu litapanda na kurudi siku hiyo hiyo.

Puto la mpira hujazwa gesi ya heliamu hadi lifikie upana wa mita 2 hivi. Likipanda, hewa ya nje inazidi kuwa haba, nalo linavimba. Kilomita 30 juu, ambapo kanieneo ya hewa ni kama sehemu moja tu ya mia ya ile ya pwani, litakuwa na upana wa karibu mita 8, kama darasa zima. Hapo litapasuka, na parachuti itashusha kikasha chenye kipimajoto, kamera na redio ndogo ya kutuambia kilipo. Safari ya kupanda peke yake ni saa moja na nusu hivi.

Kikasha tayari wamekitengeneza, kwa boksi jeupe la kubebea samaki. Walikilaza usiku kucha kwenye friza ya bucha jirani. Asubuhi betri za kawaida zilikuwa zimezima, za lithiamu bado zinafanya kazi. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona watoto wakishangilia betri namna ile.

Tunaomba shilingi 180,000. Sehemu kubwa ni ya heliamu. Haidrojeni ni nafuu, lakini cheche moja tu huiwasha, na sitakubali watoto wenu wasimame kando yake. Zinazobaki ni za puto, parachuti, redio, betri na nauli. Hatutarushia shuleni, kwa sababu ndege za viwanja vya JKIA na Wilson hupita juu yetu; tutakwenda nyanda za Kajiado, siku na saa tutakayoruhusiwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kibali kikichelewa, pesa zitakaa kwenye akaunti ya shule. Kila mchango utapewa risiti, na hesabu zote zitabandikwa kwenye ubao ulio langoni.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa shule. Kadi za mchango wanazo wanafunzi, na namba ya kutuma kwa M-Pesa imeandikwa nyuma ya kadi. Shilingi hamsini ya mama mboga itaandikwa kwenye daftari lile lile la elfu kumi.

Mwenye pikapu atusaidie kukifuata kikasha kitakakoangukia. Pia tunahitaji mzazi anayezungumza Kimaasai, aje nasi tuwaombe wenye mashamba ruhusa kabla hatujavuka ua wa mtu. Wote wawili wajiandikishe kwa katibu wa shule kabla ya Ijumaa.