Mafundi wa simu za intaneti wekeni taima, laini zinabaki bize bure

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wenzangu tunaofunga simu za maofisini hapa Mbeya, na mabosi wanaotulipa. Mtu yuko Tukuyu au Chunya anapiga zahanati kuulizia mgonjwa wake anaambiwa laini inatumika, anapiga tena inatumika, na dada wa mapokezi amekaa tu hata simu hajaigusa. Inaniuma kwa sababu dawa yake ipo.

Simu hizi nyingi zinatumia utaratibu unaoitwa SIP, ulitoka 1999 ukaandikwa upya 2002. Ukipiga, sauti haiendi kwanza. Simu yako inatuma ujumbe wa maandishi, INVITE, kwamba namtafuta fulani na sauti nitaipokelea kwenye anwani hii. Seva, yaani kompyuta inayoongoza simu za ofisi, inajibu kwa namba 100 kwamba imepata, upande wa pili ikianza kuita inarudi 180, akipokea inarudi 200, simu yako inathibitisha kwa ACK ndo mnaanza kuongea, tena sauti inapita njia yake nyingine kabisa (ndo maana kuna wakati simu imepokelewa, dakika zinahesabika na husikii kitu, faiawoli, yaani ulinzi wa mtandao, imeruhusu ujumbe ikazuia sauti).

Sasa kukata nako ni ujumbe. Anayekata anatuma BYE, mwenzake anajibu 200, imeisha. Hapa ndo penye shida, maana seva isipowekewa setingi za ziada haina njia nyingine ya kujua kwamba mmemaliza. Umeme ukikatika katikati ya maongezi, na huku kwetu masika mnajua wenyewe, ruta inazima, simu ya mezani inazima, seva peke yake imebaki hewani kwa sababu ndo iliyofungiwa UPS (betri ya akiba). Mpigaji akikata BYE yake haifiki kwa sababu ruta imelala, na simu ya mezani imekufa bila kuaga, basi seva inaamini watu bado wanaongea. Kuna ofisi moja mjini niliitwa asubuhi, nafungua skrini ya seva nakuta maongezi ya jana jioni bado yanahesabu masaa, na ofisi yenyewe ina laini mbili tu za nje!

Mwaka 2005 iliongezwa taima kwenye SIP kwa ajili ya hili hili. Kila baada ya muda upande mmoja unauliza upande wa pili kama bado upo, kimya kikizidi simu inafungwa. Muda unaopendekezwa ni sekunde 1800, yaani nusu saa, na usishuke chini ya 90. Pia seva nyingi zinaweza kukata zenyewe zikikosa pakiti (vipande) za sauti, ila hapo weka muda mrefu zaidi kwa simu zilizo hold (zilizosubirishwa), la sivyo utawakatia watu wanaosubiri daktari. Ni mistari michache kwenye setingi jamani, na ruta nayo iwekwe kwenye UPS.

Mabosi, kabla hamjamlipa fundi mwambieni apige simu toka nje, ipokelewe, halafu achomoe umeme wa ruta na wa simu ya mezani kwa pamoja, akae pale na nyie mpaka muone kwenye skrini laini imejiachia.

Fundi simu,
Mwanjelwa, Mbeya