Damu Kwenye Mkojo Isiishie kwenye Vidonge vya Kichocho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala iliyotoka wiki mbili zilizopita katika ukurasa wa afya, kuhusu saratani ya kibofu cha mkojo. Mwandishi alizieleza vizuri dalili za ugonjwa, lakini alipofika kwenye matibabu alimaliza kwa sentensi moja, kwamba mgonjwa awahi hospitali kubwa na mwenye uwezo afikirie kwenda India. Mimi ni mwalimu mstaafu wala si daktari, na haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kumuuguza kaka yangu. Kwa muda niliozunguka naye nimeona kuwa familia nyingi hukwama mapema sana, pale zahanati, kisha hukwama tena zinapofika hospitali ya rufaa bila kujua ziulize nini.

Huku kwetu Usukumani, mtoto wa kiume kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida mno. Sisi tuliochunga ng'ombe na kuoga malamboni tulidhani ni hatua mojawapo ya kukua, na wazazi hawakushtuka, maana nao walipitia hapo hapo. Kumbe mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hunasa katika ukuta wa kibofu na kuuchokoza miaka kwa miaka, mpaka kwa baadhi ya watu sehemu iliyochokozwa inageuka saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo huyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, kundi lile lile lenye moshi wa sigara. Ulaya na Marekani sigara ndiyo inayoongoza kuleta ugonjwa huu. Sisi tunayo sigara, na majaruba ya mpunga, yenye maji ya kichocho, tunayaingia miguu mitupu.

Kaka yangu alipoona damu akiwa na umri wa miaka 61, alikwenda zahanati, akaulizwa kama aliwahi kuugua kichocho, akajibu ndiyo, akapewa vidonge vya prazikwanteli. Damu ikakoma. Baada ya miezi mitatu ikarudi, safari hii akaambiwa ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa ya kuua bakteria, na damu ikakoma tena. Tuliendelea hivyo kwa miezi kumi na minne. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba damu ya saratani ya kibofu ina desturi ya kuja na kuondoka yenyewe, mara nyingi bila maumivu yoyote, kwa hiyo kila dawa aliyopewa ilionekana imefanya kazi, na mhudumu aliyeitoa hakuwa na sababu ya kujishuku. Simlaumu sana. Ninachosema ni kwamba mtu mzima anayekojoa damu, hata kama damu hiyo imekoma, hata kama kichocho kimeonekana kwenye hadubini, apewe dawa yake na papo hapo aandikiwe rufaa ya kuchunguzwa kibofu. Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa damu yao huhesabiwa kuwa ya hedhi au ya U.T.I., na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kuliko wanaume.

Uchunguzi wenyewe haumalizwi na ultrasaundi, ijapokuwa ultrasaundi inayopatikana hospitali nyingi za wilaya inaweza kuonyesha uvimbe na kuonyesha kama figo zimeanza kujaa mkojo. Kinachohitajika ni kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu, daktari auone uvimbe kwa macho, aukate, na kinyama kipelekwe maabara. Hospitali ya kwanza ya kutafuta, basi, ni yenye kamera hiyo na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, pamoja na mtaalamu wa kusoma kinyama. Hapa Kanda ya Ziwa tunayo Bugando, iliyoko Mwanza, na kwa watu wa kaskazini ipo KCMC ya Moshi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha mabingwa wa fani hii. Walioko Dar es Salaam wanayo Muhimbili.

Majibu ya kinyama yakitoka, ndugu wa mgonjwa aulize mambo mawili kabla hajauliza gharama. La kwanza ni saratani hiyo ni ya aina gani. Inayozungumzwa zaidi kwenye intaneti ni ile inayoota kutoka utando wa ndani wa kibofu, ndiyo ya wavuta sigara. Inayofuata kichocho kwa kawaida ni nyingine, inayotokana na seli bapa kama zile za ngozi. Katika uchunguzi uliofanywa Bugando kwa kumbukumbu za wagonjwa 185, aina hii ilizidi nusu. Tofauti hiyo si ya wanafunzi wa udaktari peke yao, kwa sababu dawa zinazosifiwa kwa aina ya kwanza haziisaidii sana ya pili, ambayo tegemeo lake kubwa ni upasuaji. Mjomba wetu mmoja alituletea kurasa nyingi alizochapisha kutoka tovuti za Uingereza, tukapoteza wiki nzima tukiulizia dawa ambayo haikumhusu mgonjwa wetu kabisa.

La pili ni kina: je, saratani imeingia kwenye msuli wa kibofu au bado iko juu juu? Kama kipande kilichokatwa hakikuwa na msuli ndani yake, jibu la swali hili halipo, na mara nyingi kamera hurudiwa. Tusikasirike tukiambiwa kurudia.

Saratani ya utando ikiwa bado haijafika kwenye msuli, huondolewa kwa kamera ile ile bila kupasua tumbo, kisha kibofu huoshwa kwa dawa. Inayotumika sana kwa wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi ni vimelea vilivyodhoofishwa vya BCG, ndugu wa chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu begani mwa watoto wetu, vinavyowekwa kibofuni mara moja kwa wiki kwa wiki sita na kuendelezwa kwa vipindi. Ikishaingia kwenye msuli, njia ni mbili kuu. Moja ni kuondoa kibofu chote, mara nyingi baada ya mizunguko kadhaa ya dripu za dawa za saratani. Nyingine, kwa wanaofaa, ni kukibakiza kibofu kwa kukwangua uvimbe wote unaoweza kuondolewa, halafu mionzi pamoja na dawa. Dawa iliyo kiini cha tiba hizo, sisplatini, inahitaji figo zinazofanya kazi vizuri, na ndiyo sababu ninarudia jambo la kuchelewa: uvimbe ukiziba mirija ya mkojo figo huharibika, na mgonjwa hunyimwa dawa ambayo miezi sita kabla angeipata.

Mionzi haipatikani kila mahali. Ocean Road, taasisi ya saratani iliyomo katika majengo ya enzi ya Wajerumani pale ufukweni Dar es Salaam, imebeba mzigo huo kwa taifa zima kwa muda mrefu, na Bugando nayo sasa inatoa huduma hiyo. Mgonjwa wa Shinyanga aliyeshauriwa mionzi aulize kwanza Mwanza kabla ya kukata tiketi ya basi. Upasuaji wa kuondoa kibofu, kwa upande wake, ni mkubwa sana. Kwa mwanamume tezi dume huondolewa pia, na kwa mwanamke mara nyingi kizazi. Matokeo yake huwa bora pale ambapo timu inaufanya mara kwa mara, na kwa hiyo si utovu wa adabu kumuuliza daktari kwa heshima, "Daktari, hapa mwaka jana mliwafanyia wangapi?" Bingwa niliyemuuliza mimi alitabasamu, akanijibu, kisha akatuandikia rufaa kwenda kwa mwenzake aliyekuwa na uzoefu zaidi.

Kuhusu India sina ugomvi na mwenye fedha zake. Lakini saratani iliyoingia kwenye msuli haitakiwi kusubiri upasuaji zaidi ya miezi mitatu hivi, na nimeshuhudia familia iliyotumia muda wote huo kuchangishana nauli na kutafuta hati za kusafiria, wakati vipimo vyote na dawa za awali vingeweza kuanza nchini. Tena mgonjwa huyu hamaliziki kwa safari moja: aliyebakiwa na kibofu hurudi kwenye kamera kila baada ya miezi mitatu katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa wasio na bima, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, na ni vyema kuingia humo siku ya kwanza, kabla deni halijawa kubwa.

Kaka yangu aliondolewa kibofu. Mkojo wake sasa unatokea kwenye tundu dogo upande wa kulia wa tumbo na kuingia katika mfuko unaobandikwa juu ya ngozi. Analima bustani yake ya nyanya na ameanza tena kusimamia mikutano ya ukoo. Mifuko hiyo ndiyo shida iliyobaki. Wilayani kwetu sijaipata katika duka lolote la dawa, akiagiza Mwanza huletewa isiyolingana na tundu lake, na anapoishiwa huosha uliotumika na kuubandika tena mpaka ngozi inachubuka. Mwandishi wako akirudi kwenye somo hili, ningeomba atembelee maduka ya dawa na ofisi za bima, aulize nani anaiagiza, kwa saizi zipi, na kwa nini haifiki Kwimba.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Kwimba, Mwanza.