Tufungulieni ghorofa moja tuuone mji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili la kupiga picha mji wetu wa Dar, maana maghorofa tunayaongelea kila siku, limemalizika lile, linajengwa hili, ila sijasikia mtu akiuliza mwananchi wa kawaida anayaangalia akiwa amesimama wapi.

Mi ni fundi AC. Kazi inanipandisha kwenye mapaa ya watu, Kariakoo, Upanga, Posta mpaka Masaki huko, kwa hiyo huu mji nimeuona kwa juu kuliko wengi na nakwambia ni mtamu kweli. Ukiwa juu pale Kariakoo unaona matangi meusi ya maji kila jengo, nguo zimeanikwa, madishi, minara ya misikiti imechomoza katikati, ukigeuka upande huu bonde la Jangwani na mabasi ya mwendokasi yanapita, upande ule stesheni ya treni ya SGR waliyoichora kwa umbo la tanzanite, halafu mbele kabisa bahari na meli zimetia nanga zinasubiri zamu ya kuingia bandarini. Ukiangalia Temeke ni bati tu mpaka macho yanachoka. Sasa huo mji nani anauona? Fundi, mlinzi, na mwenye hela ya kwenda kunywa juisi juu ya hoteli, juisi moja bei ya mboga ya nyumbani kwangu wiki nzima.

Nyie wenyewe magazetini mkitaka picha ya Dar mnaweka ile ya droni, maghorofa ya Posta yamebanana na bahari ya bluu. Nzuri, sikatai. Ila droni mtu wa kawaida harushi tu, mpaka kibali cha mamlaka ya anga na cha Wizara ya Ulinzi, na mi sina ugomvi na hilo, usalama ni usalama. Ninachosema ni kwamba picha za mji zinabaki za watu wachache, na picha ya droni haina mtu ndani, hata mama ntilie mmoja huoni.

Sisi wengine tunabaki na pantoni, kile kivuko cha kwenda Kigamboni. Kwa anayependa hii kitu nimwambie, ile nauli ya mia mbili ya Kigamboni ndo sehemu nzuri kuliko zote mjini, ila nenda asubuhi. Ukiwa upande wa Kigamboni jua la asubuhi liko mgongoni kwako, linapiga moja kwa moja kwenye vioo vya maghorofa na kila kitu kinatoka na rangi yake. Jioni jua linazama nyuma ya mji, majengo yanakuwa meusi tii, hapo subiri zile dakika kama ishirini baada ya jua kuzama, anga limekuwa bluu na taa za maofisini zinawaka, ila uwe fasta maana giza la huku kwetu haliingii polepole. Na usiegemeze simu kwenye bomba za pantoni, injini inatetemesha chuma chote picha inatoka ukungu, shika mkononi ubane viwiko. Mvua ikishanyesha ndo usikose, vumbi limeshuka, unaona mpaka madirisha.

Ukiwa hapo majini ndo unajua mji umebadilika kiasi gani. Kwenye picha za enzi ya Mjerumani minara ya makanisa, St. Joseph lile lililomalizika 1902 na Azania Front, ndo ilikuwa mirefu kuliko kitu chochote pale ufukweni. Leo ukilitafuta St. Joseph unalipata kwa tabu, nyuma yake kuna majengo pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yenye floo zaidi ya thelathini, na la Bandari nalo limesimama hapo.

Tatizo ni ukishashuka. Ikulu ipo palepale karibu na kivuko, hiyo kila mtu anaelewa simu unaweka mfukoni. Lakini ukienda mtaa wa tatu huko, umesimama kwenye barabara ya umma unapiga picha jengo la biashara la kawaida kabisa, anatokea mlinzi, "we futa hiyo picha", ukimuuliza kwani pamekatazwa anakwambia ndo utaratibu. Utaratibu wa nani? Palipokatazwa kisheria wekeni kibao kisomeke, pasipo na kibao tuacheni.

Ombi langu kubwa lakini ni lile la ghorofa. Nairobi wenzetu wana KICC, jengo la 1973, floo 28, unalipa kiingilio unapanda mpaka juu kwenye paa unauona mji wote pande zote, wanafunzi wanapelekwa, maharusi wanaenda. Na mtu asiniletee habari ya usalama, KICC imepakana na Bunge lao na Harambee House yenye ofisi ya rais ipo hapohapo jirani, wanakagua mabegi maisha yanaenda. Sisi majengo marefu mengi ni ya mifuko ya hifadhi ya jamii na mashirika ya umma, yale mapacha yamejengwa kwa michango ya wafanyakazi, sasa mfanyakazi akitaka kuona mchango wake umefika wapi kwenda juu mbona isiwezekane hata Jumamosi na Jumapili tu? Buku tatu mkubwa, mtoto buku, weka nondo imara pembeni, upande unaotazama Ikulu ziba, hata mi naona sawa. Hela ya kutengenezea lifti itapatikana hapohapo.

Na kama shida ni nani atakaa huko juu kuangalia watu wikiendi, mi nipo, na viyoyozi vyenu vya kwenye paa nitavipitia siku hiyohiyo.

Fundi AC,
Buguruni, Dar es Salaam