Barua ya wazi kwa walimu vijana wa madarasa ya awali

Wanangu walimu,

Nawasalimu kwa heshima ya kazi mliyoichagua. Nawaandikia kuhusu jambo linaloniumiza kila muhula unapofungwa, nalo ni ripoti za watoto wa miaka minne na mitano zinazotangaza nani ameshika nafasi ya kwanza na nani ameburura mkia, huku chini yake mwalimu akiwa ameandika kwamba mtoto fulani "yuko nyuma ya hatua yake". Hatua za ukuaji wa binadamu za wanasaikolojia Piaget na Erikson mlizikariri chuoni kwa ajili ya mtihani, na sasa baadhi yenu mnazitumia kama kwamba umri ulioandikwa kwenye jedwali ni tarehe ya mwisho ya kulipa ada.

Jean Piaget wa Uswisi hakuanzia kwenye jedwali. Aliwatazama watoto wake watatu tangu uchanga, akaandika walichokifanya, na makosa ya watoto yakamvutia kuliko majibu yao sahihi. Jaribuni wenyewe. Mimineni uji katika vikombe viwili vinavyofanana mbele ya mtoto wa miaka mitano mpaka akubali kwamba umelingana, kisha uhamisheni uji wa kikombe kimoja kwenye bilauri ndefu na nyembamba. Mara nyingi atawaambia bila kusita kwamba wa kwenye bilauri ni mwingi zaidi, kwa kuwa anaangalia kimo peke yake. Mtoto huyo si mjinga. Anafikiri kwa mantiki yake, na kumkaripia hakutamsaidia. Atahitaji muda, pengine hadi afikishe miaka saba au zaidi, pamoja na kuchezea sana maji na mchanga, ndipo aweze kuzingatia kimo na upana kwa wakati mmoja.

Kuhusu umri wenyewe, ushahidi mzuri uko karibu nasi. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Charles Super alichunguza watoto wa Wakipsigis huko Kokwet, Kenya, akakuta kwamba waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Kabla yake wapo waliodhani kwamba tofauti ya namna hiyo ni maumbile ya Waafrika tu. Super aliangalia kina mama wanafanya nini, akaona kwamba wanawafundisha watoto: humketisha mtoto katika kishimo ardhini kinachomshikilia asianguke, na baadaye humshika na kumtembeza. Kutambaa, ambako hawakukufundisha, hakukuja mapema. Kwa hiyo mkimwona mtoto hawezi kushika mkasi, ulizeni kwanza kama nyumbani kwao aliwahi kupewa mkasi.

Erik Erikson, aliyeeleza hatua nane za maisha katika kitabu chake cha mwaka 1950, ndiye ninayewasihi mmsome upya, kwa sababu kwake kila hatua ni mvutano, na anayeuelemeza upande mmoja mara nyingi ni mtu aliye karibu. Mtoto mchanga anajifunza kama dunia ni ya kuaminika. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewatembelea kina mama na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala kuanzia mwaka 1954, aliona jinsi mtoto anavyomwacha mama akachungulie mambo, kisha akamrudia, kisha akaondoka tena kwa ujasiri zaidi.

Wanafunzi wenu wamefika kwenye mvutano wa kuthubutu na kujiona wakosaji. Yule aliyevipanga viti vyenu vikawa daladala, akasimama mlangoni kama konda na kuwaita abiria, yumo katikati ya kazi kubwa ya umri wake. Akichapwa kwa kuharibu utaratibu, atajifunza kwamba kubuni jambo ni kosa. Tena mkimpa nafasi ya ishirini na tisa, mnamtwika mapema hofu ya kujiona duni, ambayo Erikson aliiweka katika hatua inayofuata, ile ya shule ya msingi.

Hatua haziishii utotoni. Ninyi wenyewe mngali mnatafuta wenza na mahali penu duniani, na baadaye mtaulizwa mmelea nini. Nasi wazee tunayapima maisha tuliyokwisha kuyaishi. Mwaka 1997 Joan Erikson, mjane wa Erik, aliongeza hatua ya tisa, ya wakati mwili unapodhoofika na hata ile imani ya uchangani, kwamba dunia ni ya kuaminika, inapotikisika tena. Naliona jambo hili kwa wenzangu, na ndiyo maana nawaomba msiwaache bibi na babu getini wanapowaleta wajukuu. Wapeni kiti darasani wasimulie hadithi, kwani mzee anayesikilizwa na watoto anapata ushahidi kwamba hakuishi bure.

Katika ripoti za muhula ujao, futeni safu ya nafasi. Mahali pake andikeni sentensi tatu au nne za mlichokiona: mtoto alibuni mchezo gani, alimsaidia nani, na ni kitu gani anakijaribu ambacho bado hakijamkubali. Mzazi akiuliza mwanawe ni wa ngapi, msomeeni sentensi hizo.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu