Vali ya moyo kwa wazee: tusiangalie kovu peke yake

Mhariri,

Nimeuguza wagonjwa wa moyo kwa miaka mingi, na kila mzee anapoambiwa kuwa vali ya aota, yaani mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini, imekakamaa na inapaswa kubadilishwa, wanawe huuliza swali lilelile: hakuna njia ya kuepuka kupasuliwa kifua? Ipo. Tangu Aprili 2002, daktari Alain Cribier alipompachika mgonjwa vali kwa mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa kinena huko Rouen, Ufaransa, wamepona wazee ambao zamani wangerudishwa nyumbani kwa kuwa hawangeustahimili upasuaji.

Siibezi njia hiyo. Aliyepasuliwa mfupa wa kidari, moyo ukasimamishwa na mashine ikamsukumia damu, hukaa wiki kadhaa akikumbatia mto kifuani kila anapotaka kukohoa. Na kwa mtu wa miaka 84 ambaye tayari hujishikiza ukutani akienda msalani, wiki hizo zinaweza kummaliza nguvu zisimrudie tena.

Lakini mrija nao una gharama zake, ambazo ndugu huzisikia mgonjwa akiwa ameshaingizwa chumbani. Vali ya zamani haiondolewi, bali hukandamizwa pembeni na mpya, hivyo damu inaweza kuvuja kandokando yake, na njia za umeme wa moyo zikibanwa, mgonjwa huwekewa kifaa cha kuratibu mapigo, jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko baada ya upasuaji. Mshipa wa paja ukiwa mwembamba mno, njia ya kupitia kinena hufungika. Na mwenye miaka 72 ambaye mishipa inayoulisha moyo imeziba pia, huenda akafaidika zaidi na daktari mpasuaji, ambaye hutengeneza yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 huelekeza walio chini ya miaka 65 kwenye upasuaji na waliozidi 80 kwenye mrija. Walio katikati huachiwa mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa. Mazungumzo hayo ndiyo ninayoyaona yakifanyika ukumbini, na watoto, mzee akiwa kitandani. Mama mmoja niliyemhudumia alisubiri wote watoke ndipo akaniuliza kama ataweza tena kupanda ngazi za nyumbani kwake bila kupumzika katikati. Faili lake lilikuwa nene, na swali hilo halikuwamo.

Muuguzi mstaafu